Tovuti Yetu Sasa Inafunguka Hadi Kambini

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Domina ameniambia umeanza tena kushuka shambani, nikajua dawa imekubali. Lakini Mama, hiyo migomba haikimbii, pumzika kidogo. Mimi huku Uholanzi ni mzima, ila baridi inanionea. Naandika nikiwa na sweta mbili.

Leo niache nijisifu, wewe ndiye uliyenizaa, utanivumilia. Si nilikuambia natunza tovuti ya programu ya bure ya kuandikia, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuichukua, kuibadili na kumgawia mwenzake? Basi Domina aliitaka kwa ajili ya darasa lake la kompyuta kwenye kambi ya wakimbizi, kabla wanafunzi wake hawajarudi Burundi. Akajaribu kufungua tovuti. Wapi! Intaneti ya kule inajikokota, ukurasa hauji, na wanafunzi walikwisha kuandikishwa kwenye malori. Akanipigia kwa hasira: "Hicho kitu chenu ni cha bure kwa nani?"

Mama, ilinichoma. Nikawaeleza wenzangu ninaofanya nao kazi. Wakanitazama tu: "Mbona hapa inafunguka?" Ebo! Nikawaambia hapa si dunia nzima. Nikapunguza mapicha yao makubwa ya kwenye tovuti, wakanuna. Lakini tatizo lenyewe lilikuwa mashine inayotunza tovuti: kila mgeni akija, inaanza kumwandalia ukurasa upya. Hapo nikawasimulia jiko lako pale Mbuba, miaka ile wakimbizi wakipita mlangoni kutwa. Hukusubiri mtu afike ndipo ubandike maharage. Yalikuwa yameiva tayari, anayefika unampakulia. Nikasema na sisi tufanye hivyo, ukurasa uandaliwe mara moja, ukae tayari. Wakacheka, kisha wakakubali. Sasa wanaiita njia ya Mama Domina, na kulitamka hilo jina hawawezi!

Juzi Domina akapiga tena. Nilidhani anataka kunigombeza.

"Wee, imefunguka! Tumeshaichukua, tunanakili kwenye sidii."

"Malori je?"

"Yanaondoka kesho. Tunawahi."

Na wamewahi, Mama. Kila mwanafunzi ameondoka na nakala yake. Consolata, yule aliyefika kwetu na mtoto mgongoni, hana hata sufuria, amesema atafungua darasa kwao. Domina anasema alimsindikiza hadi kwenye lori, akamwona ameifunga sidii ndani ya kitenge kifuani, na mzigo mwingine wote akauacha upakiwe na watu. Lori limeshavuka mpaka pale Kobero. Nililia kazini, sikujali nani ananitazama.

Nisalimie Baba, shangazi anayeuza ndizi Bugarama, na mjomba aliyehamia Nyantakara na ng'ombe wake. Katekista wetu, aliyesema kompyuta si kazi ya mabinti, msalimie mara mbili, tena kwa sauti, watu wakiwa wanatoka misani.

Mwanao anayetamba,
Editha