Laptop Ilizima, Mama Mkwe Akaondoka

Shikamoo Mama Blessing, nakuandikia unishike mkono maana nyumba yangu imepoa na sijui nianzie wapi. Mimi ni mpiga video za harusi na kwaya hapa Nyahanga, Kahama, mke wangu Paskazia alijifungua mtoto wetu wa kwanza na mama yake akaja kutoka Didia kumhudumia, sasa siku moja nikarudi nikamkuta mama mkwe anafuta vumbi mezani na kitambaa kibichi, na laptop yangu nayo kaifuta, na jioni ile ile nahariri harusi ya watu skrini ikageuka bluu, ikajizima, ikawaka, ikajizima tena, na tangu hapo kila nikianza kuhariri ni hivyo hivyo. Unajua kwetu Wasukuma mkwe hakabiliwi usoni, basi nikamwagiza Paskazia amwambie mama yake kwamba ameingiza maji kwenye kazi yangu na asiguse tena kitu changu, mimi nikabaki uani nasikiliza, kesho yake mama mkwe akafungasha vitu vyake akarudi Didia mtoto akiwa na wiki tatu tu, na Paskazia tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo" na "hapana", basi.

Juzi nimeipeleka laptop kwa fundi Stanslaus, akaifungua, akasema, "Kaka, humu hakuna hata dalili ya unyevu," akaniuliza mara ya mwisho kuisasisha ni lini, nikamwambia masasisho niliyazima miaka miwili iliyopita kwa sababu yanakula bando la intaneti, akasema draiva ya prosesa imepitwa na wakati, na ile programu mpya ya kuhariri niliyoiweka wiki ile ile ndiyo inayoielemea mpaka mashine inajizima. Sasa nauliza, nikiweka draiva mpya kimya kimya nikamwambia mke wangu maji yamekauka yenyewe, si amani itarudi bila mtu kuaibika?

Herman, Nyahanga

Marahaba, Herman. Pole kwa kazi kusimama, najua maharusi hawana subira. Ila swali lako la mwisho nimelisoma mara mbili nikitumaini nimekuelewa vibaya. Unasema bila mtu kuaibika. Mama mkwe ameshaaibika, tena mbele ya mwanawe.

Nianze na laptop, maana hiyo ndiyo nyepesi. Draiva ni programu ndogo inayoifanya Windows ielewane na prosesa, ule ubongo wa mashine, na ukiiacha miaka miwili bila kuisasisha, kazi nzito itakuzimia mashine. Kwanza hamishia video za watu kwenye diski ya nje. Soma modeli iliyoandikwa chini ya laptop, ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, wala si zile zinazokurukia na matangazo, upakue draiva ya prosesa ya modeli hiyo. Chomeka chaja, weka draiva hiyo, zima na kuwasha, halafu rudisha masasisho. Bando likikuuma, mwombe Stanslaus akusasishie kwa mtandao wake mara moja kwa mwezi. Ikizima tena baada ya hapo, aangalie joto na memori.

Sasa la nyumbani. Heshima ya mkwe naijua, nami nimeolewa Usukumani. Wewe umeifanya maficho. Ulipotaka kulaumu ulipata mjumbe haraka, na mjumbe mwenyewe ni mwanamke mwenye wiki tatu tangu ajifungue, ukamfanya amkaripie mama yake mzazi kwa mdomo wake. Imeniudhi, nakwambia wazi. Hayo majibu ya neno moja umeyatafuta.

Leo hii mwambie Paskazia alichosema fundi, pamoja na bando ulilobania. Kisha tafuta mtu mzima wa upande wako, shangazi kama unaye, mwende Didia. Shangazi afungue mazungumzo kama desturi inavyotaka, wewe kaa pembeni na macho chini, lakini kosa ulitamke mwenyewe: "Mama, hukuharibu kitu. Kosa ni langu, nilikusingizia." Usianze kumweleza habari za prosesa. Akinyamaza, nawe nyamaza.

Na uende kabla hujaiweka hiyo draiva. Nawajua watu wa namna yako. Mashine ikishapona utakuwa na harusi Jumamosi hii na kwaya Jumapili ile, na safari utaisogeza mpaka mtoto atembee hajamjua bibi yake.