Harusi Kwenye Karakana ya Kaka Yako

Nyumba ya Uani,
Nyuma ya Karakana.
Jumapili, 14 Agosti

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimetulia, au bado unakohoa kama trekta bovu? Mkeo ameniandikia kwamba unakwenda kazini bila sweta ndani ya koti. Uzee haupigi hodi, Shemeji. Vaa sweta.

Sisi hatujambo. Mama yako miguu inamsumbua, ila ulimi ni mzima kabisa. Mimi nakula, na kulala nalala kiasi.

Habari kubwa ni kwamba Msumari anaolewa. Ndiyo, binti wa kaka yako, yule yule aliyekuwa akilala juu ya maranda mpaka nywele zikanukia mbao. Anaolewa na mwalimu wa hesabu, kijana mrefu, mpole, haongei mpaka asemeshwe. Akila hapa huosha sahani yake mwenyewe. Nimempenda.

Sasa hawa wawili, kama unavyojua, si watu wa dini. Mama yako alilia kidogo, kisha akasema atawaombea yeye mwenyewe, na si lazima waambiwe. Likabaki suala la mahali. Maana mwenye imani yake hajiulizi ndoa itafungwa wapi, mlango anaujua tangu utoto. Wao ikabidi wazunguke. Ofisi ya ndoa wakaona mabenchi yake yanafanana na ya hospitali. Ukumbi wa hoteli wakaona viti vimevishwa nguo kuliko maharusi. Rafiki zao wengine walioana bustanini, wengine maktabani, na mmoja alifungia ndoa uwanja wa mpira, katikati ya lile duara. Nikacheka, nikawaambia njooni sebuleni kwangu yaishe.

Msumari akasema, "Mama, mimi nataka karakana ya Baba."

Niliinuka nikaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Wewe hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Mwaka jana kaka yako alianguka mle akiwa peke yake, mashine ya kupasulia mbao inanguruma. Fundi cherehani, jirani yetu, ndiye aliyeingia kwanza. Akakata umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani, tukamtoa akiwa ameshakata roho. Kisha nikafunga mlango, na tangu siku hiyo sikuufungua.

Unaijua desturi yake. Hawashi mashine mpaka aite "Mikono!" na kila aliyemo ainue yake juu, avione vidole vyote. Aliianza kwa ajili yako, baada ya msumeno kula vidole vyako viwili nawe ukaapa hutakanyaga tena mle ndani. Kwa woga aliobaki nao, aliita hata kama hakuna mtu. Nami nikiwa kambani naanika nguo, nilikuwa nainua mikono na shuka mbichi juu kwa utani tu, kwa sababu hanioni.

Shemeji, bado anaita. Naanika nguo zangu asubuhi, jua linawaka, watoto wa jirani wanagombania mpira, mara nasikia "Mikono!" nyuma ya mlango uliofungwa. Mikono inapanda yenyewe. Fundi cherehani anadhani nanyoosha mgongo, na juzijuzi ameniletea dawa ya kuchua. Sitakuficha, naogopa. Watu huogopa usiku, mimi naogopa mchana kweupe, na kibanio cha nguo mdomoni.

Msumari hakuniacha. Jina lile hatukumpa bure, ukimpiga ndivyo anavyozidi kuzama. Alikuja na mchumba wake na fundi umeme, wakague kama taa bado zinafaa. Nikaingia nao, roho mkononi. Randa ya kaka yako ilikuwa mezani pale pale, na ubao wa mninga umerandwa nusu. Miwani yake ilikuwa juu ya ubao.

Fundi umeme akapandisha swichi kubwa. Mashine ikawaka.

Siku ile ya msiba hakuna aliyekumbuka kuizima mashine yenyewe. Tulikata umeme ukutani tukadhani tumemaliza, kumbe yenyewe ilikuwa inasubiri. Ikanguruma kama vile mwenyewe ametoka kidogo kunywa maji. Nilipojitambua, mikono yangu ilikuwa juu. Nikamtazama Msumari, na yake iko juu. Tumesimama hivyo, mama na binti, kama watu waliovamiwa na majambazi, machozi yanatutoka, na hakuna aliyeita. Mwalimu alitutazama. Desturi yetu haijui, hakuna aliyewahi kumwambia. Naye akainua yake taratibu, akaiacha juu mpaka fundi umeme alipoizima mashine.

Hapo nikakubali.

Wamepanga hivi. Msumeno utatolewa, mashine itafunikwa kitambaa cheupe, iwe ndiyo meza ya kutilia sahihi. Afisa wa ndoa amekubali kuja pale. Wakishatia sahihi, mahali ambapo kwingine watu wangeitikia amina, mtu ataita "Mikono!" na wote tuliomo tutainua. Msumari anasema hilo ndilo neno pekee aliloitikia maisha yake yote bila kuwa na shaka nalo.

Nikajaribu kuita mimi. Sauti ilitoka kama ya muuza nyanya. Tukacheka wote. Kisha Msumari akasema polepole, "Baba Mdogo ana sauti ya Baba."

Najua. Ndiyo maana simu zako sizipokei, nakuandikia barua na kusingizia mtandao. Ulipopiga mara ya kwanza baada ya mazishi, nilimsikia mume wangu akiniita shemeji. Niliikata simu, nikakaa sakafuni.

Nakuomba uje. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Najua nakuita kwenye mlango uliouapia, na mimi niliuapia pia, kimoyomoyo. Tutaingia pamoja. Ukishindwa kizingitini nitakushika mkono, nami nikishindwa utanishika.

Msalimie sana mkeo, na mapacha, na mzee wa ghorofa ya chini anayekuazima gazeti. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Fundi cherehani anataka vipimo vya suti yako, na anasema kiuno usimdanganye. Mola wa mama yako akulinde njiani, na kaka yako aendelee kukuangalia vidole vilivyobaki.

Usinijibu kwa karatasi. Nipigie simu asubuhi, saa ya kuanika nguo, nitapokea. Usiulize hali wala usiniite shemeji. Sema lile neno moja, kisha usikate. Simu nitakuwa nimeiweka juu ya jiwe la kufulia, sauti nimeifungua yote, ili mikono yangu yote miwili iwe mitupu.

Shemeji yako akupendaye,
Mama Msumari