Motiriot wa Mume Wangu Alituuzia Gari Mbovu

Mpendwa Shangazi Jerusa, naomba unisaidie kwa sababu hapa Roret sina wa kumwambia, nikifungua mdomo kwa kina mama wa kanisa yatamfikia mume wangu kabla ibada haijaisha. Tuna shamba kidogo la majani chai na ng'ombe wa maziwa. Bonasi ya majani ilipoingia mume wangu Kipkurui akasema tununue Probox ya kubeba maziwa, nikakubali, nikamwomba tu tutafute fundi aiangalie kwanza, akaniuliza, "Fundi wa nini, na anayeuza ni motiriot wangu?" Shangazi, wasomaji wengine hawajui, motiriot kwetu ni yule mwanaume anayekaa na kijana jandoni, anamtunza na kumfundisha mpaka atoke, na heshima yake haiishi. Huyu siku hizi ana yadi ya magari Kericho. Tulifika akatupa chai, tukaomba, akaweka mkono juu ya boneti akaibariki gari, nami nikasema amina kuliko wote, na hiyo boneti hatukuifungua.

Mwezi haukuisha. Tulikuwa tunateremka kwenda kituo cha majani, Kipkurui akakanyaga breki, gari ikavuta kushoto ikaingia kwa shamba la jirani, na msichana wetu Chepngeno alikuwa nyuma, akapasuka mdomo, akalia mpaka sauti ikakauka. Nikamwita Ouko, fundi wa hapa sokoni, akaiinua na jeki akaniambia nichungulie. "Mama, hii si gari moja. Ni mbili zimekatwa zikaunganishwa na weldingi, halafu zikapakwa rangi nyeusi. Siku moja zitaachana barabarani." Nililia hapo hapo, sikuona aibu.

Kipkurui alikataa kwenda kuuliza. "Nisimame mbele ya motiriot nimwambie ni mwongo? Unataka nilaaniwe?" Nikaenda mwenyewe, na mzee akaniambia kwa upole kwamba gari ya mkono wa pili haina garanti, lakini kwa vile sisi ni watoto wake ametutafutia mteja, mama anaitwa Nyambeki anayeuza ndizi, turudishe gari, huyo akilipa Ijumaa tutapewa pesa yetu yote, ila tusimwambie mambo ya chini ya gari. Kipkurui amefurahi, anasema Mungu amejibu. Shangazi, huyo Nyambeki namjua, tunasalimiana sokoni, huja na watoto wake wawili. Nikinyamaza nyumba yangu itakuwa na amani, nikisema nitakuwa nimemwaibisha mume wangu mbele ya mtu anayemheshimu kama baba. Chepngeno amekataa kupanda hiyo gari, anaenda shule kwa miguu, na babake bado anaiendesha. Nifanye nini?

Mama Chepngeno, Roret

Mama Chepngeno, pole sana. Pole kwa mdomo wa mtoto, na pole kwa majani mliyochuma mvua ikiwanyeshea mkaishia kununua vyuma vilivyogandishwa. Sasa panguza machozi tuongee.

Kuomba hamkukosea. Mlikosea kudhani maombi yanakaza nati. Baraka ni baraka na fundi ni fundi, na siku nyingine muanze na fundi.

Unaniuliza kama unyamaze. Jibu unalo, ndiyo maana ukaniandikia. Pesa ya Ijumaa haitoki mfukoni mwa huyo mzee, inatoka kwa kibeti cha Nyambeki. Hapo hujarudishiwa chochote, mama. Hapo wewe ndiye muuzaji.

Kuhusu heshima, usinifundishe, nimeolewa huko huko na nimewapikia wavulana wangu wakitoka jandoni. Huyo mzee ndiye aliyemfundisha Kipkurui kwamba mwanaume hadanganyi. Na jandoni hakukuwa na motiriot mmoja tu. Yule mwenzake kama yu hai, mwendeeni leo, mpelekeni na Ouko. Kipkurui hatahitaji kufungua mdomo, maana wazee hao wawili wataambiana wenyewe yale ambayo mtoto hawezi kusema.

Lakini usikae kungoja wazee tu. Chukua funguo za gari uzifiche, na mume akinuna mwache anune, bora anune akiwa mzima. Ouko aandike alichokiona, aweke sahihi, upige picha hiyo weldingi. Mwandikie mwenye yadi kwa adabu, umwambie unataka pesa yako kutoka kwake, na kwamba gari hiyo isiuzwe kwa mtu mwingine. Ubaki na nakala. Usikubali kusaini kuhamisha gari kabla pesa haijafika mkononi. Akikataa, nenda mahakama ya madai madogo, wala huhitaji wakili. Kumpeleka mtu kortini si kumtukana. Ni kumwomba aseme ukweli mbele ya watu.

Na wewe Kipkurui, najua utasoma hii, magazeti hufika hata Roret. Laana unayoiogopa iko chini ya kiti chako, na unaikalia kila asubuhi ukipeleka maziwa. Shuka, baba.

Mama, hayo mengine yanaweza kungoja kesho. Moja haliwezi. Mtoto wako alikataa kupanda hiyo gari, na alikuwa na haki. Watoto wa Nyambeki hakuna aliyewauliza. Mpigie mama yao sasa hivi.