Mafuta Gani, Baba?

"Hayo ni mafuta ya kula, unayapeleka depo ya petroli—"
"Si umeandika MAFUTA tu ubavuni mwa behewa, Baba—"
"Magari yakaangie nini?"

Baba, behewa nimelirudisha kwenye kiwanda cha biskuti cha reli yako ndogo ya mezani. Usiweke kikombe juu yake, gundi haijakauka. Chai iko kwenye chupa.

Wale ng'ombe wa plastiki niliowapakia kwenye behewa la saruji walikuwa utani wangu. Haya mafuta nilikosea kweli.

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika. Uliposema hata chuo nilikiachia njiani kama behewa lililochomoka, niliondoka mezani.

Kesho naenda chuoni kuomba wanipokee tena. Nisindikize, Baba. Ila kuongea niachie mimi.

Kitindamimba wako