Kushoto kwa Fundi wa Mageti

Jumamosi. Baridi ya mwezi wa saba, upepo tangu asubuhi, na hasira ambayo vikombe viwili vya chai havijaituliza.

Naandika nikiwa jikoni kwangu Kitengela. Jua bado halijazama, lakini Mama amelala kwenye kochi sebuleni, viatu miguuni, anakoroma. Hajui alivyoponea chupuchupu leo. Au anajua na amenyamaza. Mama huwezi kumsoma.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa: mimi ni Mwende, mwalimu wa fizikia. Mimi na kaka yangu Kyalo tunaunda ndege ya viti viwili, ile inayokuja vipande vipande kwenye masanduku na kitabu cha michoro. Kyalo ni fundi wa mageti, mikono yake inaelewana na chuma. Mimi ndiye msomaji wa michoro, na mimi ndiye nitakayeirusha. Ndiyo maana kila Ijumaa nikitoka shule naenda Kajiado, nalala gesti yenye maji ya moto ya kubahatisha, na Jumamosi najifunza urubani kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji.

Kyalo hajawahi kufundishwa kurusha chochote. Tulikubaliana: yeye kazi yake ni ardhini, mimi hewani.

Tulikubaliana.

Leo ilikuwa niruke peke yangu kwa mara ya kwanza. Kapteni Lemayian, mwalimu wangu, hakusema hivyo wazi, lakini jana aliniambia nisile sana asubuhi, na wanafunzi wote pale wanajua maana yake. Tulizunguka kiwanja mara kadhaa, nikatua vizuri kuliko siku zote. Kisha akaniashiria niisimamishe ndege pembeni. Akafungua mkanda wake. Akafungua mlango.

Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo tangu siku ya kwanza.

"Kabla sijashuka," akasema, "fanya check zako zote kwa sauti."

Nikafanya. Nilipofika kwenye usukani, nikaizungusha fimbo ya kuongozea huku na huku na kuimba kama mtoto wa chekechea: "Free and correct," yaani inasonga bila kukwama, na inasonga upande sahihi.

"Free nimeona," akasema. "Correct umeona saa ngapi?"

Nikaitazama fimbo.

Akaniambia niishike fimbo, nisimamishe kidole gumba, niisukume kushoto. "Kidole kinaonyesha wapi? Bawa la kushoto. Sasa angalia huko." Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa kuna kibao kinachopanda na kushuka, na ndicho kinachoilaza ndege upande. Upande ambao kidole gumba kinaonyesha, kibao lazima kiwe kimepanda. Kikiwa kimeshuka, nyaya zimefungwa kinyume: ukitaka kwenda kushoto, ndege itakupindua kulia.

"Kuna watu walijenga ndege miaka mingi wakafa dakika ya kwanza hewani," akasema Kapteni. "Kila kitu kilikuwa kinasonga vizuri kabisa."

Hapo ndipo nilipoikumbuka ndege yetu.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, mimi na Kyalo tulifunga mabawa ya ndege yetu. Tumeihamishia kwenye ranchi moja karibu na Isinya, ambako mwenyewe ametupa kipande cha ardhi tambarare kiwe kiwanja chetu. Nilikaa ndani nikisukuma fimbo huku nimeinamisha kichwa, nikisikiliza kama nyaya zinakwaruza popote. Kyalo alikuwa nje, mbele ya pua ya ndege, akipiga kelele, "Inasonga! Inasonga!" Inasonga kwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Kisha nikakumbuka taa. Katikati ya wiki hii Kyalo alinitumia picha, ameifunga taa nyekundu kwenye bawa la kulia badala ya kushoto. Nilicheka peke yangu kwenye ofisi ya walimu. Kwa fundi wa mageti, kushoto ni kushoto kwa mtu aliyesimama nje akilitazama geti. Ndivyo wanavyopima, ndivyo wanavyoitana kazini, hakuna anayefikiria mara mbili. Kwenye ndege, kushoto ni kwa rubani aliyekaa kitini, hata kama wewe umesimama mbele yake. Nilimwandikia, "Wewe na mageti yako." Akabadilisha taa. Tukaendelea na maisha.

Na nyaya ni yeye aliyezifunga, kwa macho hayohayo.

Leo alikuwa aijaribu injini. Polepole, mwendo wa mtu anayetembea, bila kuondoka ardhini. Lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka ubavuni, na ndege nyepesi ikipigwa na upepo wa ubavuni unailaza kwa fimbo kuelekea upepo unakotoka. Kama nyaya ziko kinyume, kila ukijiokoa unajiangamiza.

Nikamweleza Kapteni. Hakuuliza mengi. Akazima injini mwenyewe. "Pigia yeye simu."

Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena nikielekea kwenye gari. Hapatikani.

Sikumbuki vizuri barabara ya Isinya. Nakumbuka malori ya simiti yakipanda mlima kwa kujivuta, na mimi nyuma yao nikiwatukana madereva ambao hawajanikosea chochote. Nakumbuka ng'ombe wakivuka lami bila haraka yoyote, na mchungaji wao akinipungia mkono. Niliomba. Mimi ambaye kanisani huwa nahesabu feni za darini, niliomba kwa sauti.

Kwenye geti la ranchi askari alinifungulia akitabasamu.

"Sopa, mwalimu," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Epa," nikaitikia. "Kyalo ako?"

"Ako huko ndani. Ameingia na mama yenu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama anaishi Machakos.

Nikatoka kwenye njia nikakata moja kwa moja kwenye nyasi, gari likipiga kila shimo. Niliiona ndege kabla ya kusikia injini. Ilikuwa imesimama mwisho kabisa wa kiwanja, pua ikitazama upande wa kurukia. Mtu anayejaribu injini mwendo wa kutembea hahitaji kwenda mwisho wa kiwanja.

Kisha ikaanza kuja.

Ilikuja kwa kasi. Bawa moja likanyanyuka, likashuka, likanyanyuka zaidi. Niliegesha gari katikati ya njia ya kurukia, nikashuka, nikasimama mbele yake na mikono juu. Sikuwaza. Kama ningewaza ningebaki ndani.

Injini ikafa. Ndege ikayumba, ikasimama umbali ambao niliweza kuona uso wa Mama, kwenye kiti cha abiria, kitambaa cha kanisani kichwani, mkoba mapajani, mkanda umefungwa barabara.

"Mwende," akaniita kupitia dirisha, "mbona unasimama barabarani kama ng'ombe?"

Nikafungua mlango wa Kyalo, nikaukamata mkono wake pamoja na fimbo, nikamsimamisha kidole gumba, nikasukuma kushoto.

Kibao cha kushoto kikashuka.

Kyalo alikitazama muda mrefu. Nikasukuma upande mwingine. Cha kulia nacho kikashuka.

"Lakini mimi nilifuata mchoro," akasema. "Left ni left."

"Left ya nani, Kyalo?"

Akageuza kichwa, akatazama pua ya ndege, akatazama bawa. Nilimwona akielewa. Rangi ilimtoka usoni, na kwa sekunde moja nilimhurumia sana, kwa sababu ni kosa la mtu anayefanya kazi yake kwa makini kila siku.

Huruma hiyo ilikwisha nilipotazama tena umbali uliokuwa umebaki hadi mwisho wa kiwanja, na mkanda wa Mama.

Tulimshusha. Alituambia ilikuwa nzuri ila inatingisha. Alipokwenda kuketi garini, nilimuuliza kaka yangu kwa sauti ya chini, "Ulikuwa unaenda kuiinua?"

Akafuta mikono kwenye ovaroli. Mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Kidogo tu. Nimeona video nyingi. Nilitaka Mama akuwe wa kwanza kupaa nayo."

Nimekaa na maneno hayo mchana wote. Nyaya zinarekebishika; kesho nitakaa ndani na yeye atasimama nyuma ya bawa, si mbele, na tutaitana hadi tuchoke. Kapteni ameniandikia kwamba kiti changu kinanisubiri. Hayo yote yana dawa.

Lakini Kyalo alimpigia Mama simu juzi, akamleta kutoka Machakos, akamfunga mkanda, na muda wote huo alinyamaza kwa sababu alijua ningekataa. Na alifanya hivyo kwa mapenzi. Kama angekuwa na ubaya ningejua la kumfanyia.

Mama ameamka sasa. Ananiuliza kutoka sebuleni kama kesho akirudi pale atapandishwa tena, maana Kyalo alimwahidi hewani, si nyasini.

Sijui nianze na lipi.