Jioni Naogopa Kupika

Nyanchwa, Kisii
Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe na hayo magoti yako? Joto la Kisauni limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Sisi huku wote tu wazima. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili usianze kuruka mistari ukitafuta msiba. Lakini yamenifika mambo, na kwa simu nimeshindwa. Kila nikitaka kukupigia naiweka simu chini, nawe ukiisikia tu sauti yangu utafunga mizigo upande basi. Basi keti, mwambie mamdogo akusomee polepole.

Wajua jioni zangu zilivyo. Natoka pale duka la dawa jua linazama upande wa Suneka, mume wangu Momanyi anafika nyuma yangu kutoka shuleni anakofundisha, Kemunto ana njaa ya kulia na Baraka ana njaa ya kung'ata watu. Huko kwetu ningemtuma mtu mbaazi na mahamri hapo nje, mambo yakaisha. Huku nimejifunza kujipanga. Jumapili nachemsha maharagwe na ndengu, natia kwenye vibakuli, naweka kwenye friji. Siku za kazi inabaki kukaanga kitunguu na nyanya na kusonga ugali wa wimbi. Ile mboga yao chungu, chinsaga, nikiilaza kwenye maziwa tangu jana yake, hata Kemunto anaomba aongezwe. Nilikuwa najisifu, mama, sikufichi. Na ili wasijishibishe biskuti nikiwa jikoni, nilikuwa nawamenyea karoti mbichi, kila mmoja kipande chake mkononi.

Karoti hiyo ilitaka kuniulia mtoto.

Ilikuwa Jumanne, siku ya bavyaa. Kila Jumanne babake Momanyi hushuka kutoka Gesima na maziwa na mkungu wa ndizi, akakaa na wajukuu hadi mwanawe arudi. Lakini hukaa barazani. Nilikwambia zamani ukacheka, ukasema mkwe gani huyo asiyekaribishika. Huku baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, wao huiita chinsoni, na wengi wa mjini wameshaiacha, ila si yeye. Ni mzee wa kanisa, anahubiri vizuri, lakini tangu niolewe hajatia mguu ndani ya mlango wangu. Chai namtolea nje. Watoto hula naye huko huko nje, sahani moja, na Baraka mkononi mwa sokoro wake, ndivyo huku wanavyomwita babu, hula mpaka tumbo linang'aa.

Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati, watoto nikawaingiza ndani, mzee akabaki na chai yake barazani. Mimi nasonga ugali. Kemunto akaniambia, "Mama, Baraka anacheza mchezo mbaya."

Nikageuka. Mama, mtoto alikuwa amefungua kinywa na hakuna sauti. Hakohoi, halii. Midomo imebadilika rangi. Nilimnyakua nikatia kidole kooni, nikazidi kuisukuma ile karoti. Nikapiga ukelele. Mimi ninayeuza dawa kutwa, ninayewafundisha wenzangu la kufanya, niligeuka gogo. Miguu ilikataa, nikasimama pale jikoni nimemkumbatia mwanangu anayekufa, naita "Yesu, Yesu" na hata mlango siuoni uko wapi.

Kisha nikaona bavyaa yuko mbele yangu. Alimtoa Baraka mikononi mwangu kwa nguvu, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Akapiga tena. Na tena. Karoti ikatoka, ikaanguka kwenye sakafu, na mtoto akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Mzee aliponirudishia mtoto alitazama huku na huku, kama aliyeamshwa. Yuko jikoni kwangu, kando ya jiko, na mimi nimejifunga kanga moja, kichwa wazi. Akainamisha uso, akatoka, akaenda zake na mvua ile ile. Hata asante sikuwahi kumwambia.

Tulimpeleka Baraka hospitali, daktari akamsikiliza kifua, akasema ni kizima. Lakini hofu haikutoka na karoti. Tangu siku hiyo Baraka akawa hatafuni. Ukimpa ugali anaufunga mdomo. Ndengu, viazi, malenge, hata parachichi lililopondwa, analishikilia shavuni halafu analitema. Ni uji na maziwa tu. Suruali zikaanza kumdondoka kiunoni. Kliniki walipompima uzito, yule nesi alinitazama nikajua atasema nini kabla hajasema.

Nami je? Ikifika saa ya kutoka kazini napanga upya dawa zilizokwisha pangwa, ili nichelewe. Nachemsha kila kitu mpaka kinakuwa gundi. Kemunto akikohoa namrukia. Momanyi akaniambia, "Sasa unawatisha watoto, mama Kemunto." Nikamjibu vibaya, sirudii hapa nilichosema. Naogopa asipokula, na akila naogopa zaidi.

Bavyaa naye akakoma kuja. Jumanne ikapita, ikapita nyingine, maziwa yakaletwa na mtu wa boda boda. Mavyaa alipopigiwa simu akasema tu, "Mzee hayuko sawa. Anasema alifanya kitu haifai." Sote tukaelewa ni kule kuingia nyumbani mwangu. Momanyi akasema tusimsukume, wazee wakae kwanza watengeneze mambo yao ya mila. Mimi nikaona nyinyi tengenezeni, lakini mwanangu anapukutika, na mtu pekee anayejua kumlisha amejifungia Gesima kwa ajili ya kizingiti! Nilimkasirikia, mama. Nilimkasirikia mtu aliyeniokolea mtoto.

Juzi nikachoka. Niliomba ruhusa nikatoka kazini mapema, nikapika upesi, ugali wa wimbi na chinsaga ya maziwa, nikatia kwenye hotpoti. Nikamwambia Momanyi, "Ikiwa yeye haji kwenye chakula changu, chakula changu kitamfuata." Akanitazama, akaona hakuna mjadala. Akaazima gari la mwalimu mwenzake.

Tulimkuta uani kwake, majani ya chai yamejaa kikapuni, ametazama chini. Watoto wakamkimbilia. Nikaweka chakula kwenye mkeka hapo nje, nikarudi nyuma nikakaa na mavyaa, kama ipasavyo. Mzee alikata tonge dogo, akalibonyeza, akachovya, akamsogezea Baraka. Baraka alimtazama usoni muda, akafungua mdomo. Mavyaa alinishika mkono nisiinuke. Mtoto akatafuna. Akatafuna, akatafuna, mimi namhesabia kila tafuno na pumzi sina. Akameza. Akasema, "Ingine."

Hapo mzee akaanza kulia. Mzee mzima, mama, mbele ya mkwewe.

Momanyi akamwambia, "Baba, yaishe. Hakuna mtu anakulaumu kuingia."

"Kuingia?" mzee akasema. "Nani anaongea juu ya kuingia? Nilisikia bibi yako akipiga nduru, nikaamka, nikafika kwa mlango. Halafu nikasimama. Unasikia? Nikasimama hapo nikishika ukuta, nikifikiria kama nitaingia ama sitaingia. Na mtoto anakufa. Usiku nikilala niko hapo kwa mlango bado. Naona nimechelewa."

Mimi sikujua, sikumwona akisimama, na hadi leo sijui alisimama kwa muda gani. Nikakumbuka miguu yangu mwenyewe ilivyokataa pale jikoni. Nami sijawahi kumsemesha mzee yule ila kwa salamu na kuinamisha macho. Nikainuka nikaenda mpaka ukingo wa mkeka, nikamtazama usoni.

"Baba," nikamwambia, "uliingia."

Jana, Jumanne, alikuja. Alikaa barazani pake. Baraka alikula viazi na ndengu, si vingi. Karoti sasa naichemsha hadi iwe laini, nikiikata natupa kila kipande kikubwa, lakini naikata. Bado naogopa, mama. Niombee, na ukiweza kuja njoo, si kwa msiba, njoo tu ukae nami jikoni saa ile ya jioni.

Msalimie mamdogo anayekusomea, na asiongeze yake. Msalimie kaka yangu na mkewe, na bibi yetu wa nyumba ya pili mwambie wajukuu wa bara wanamwulizia. Mavyaa anakusalimu sana. Bavyaa naye, nilipomwambia nakuandikia, amesema nikwambie mtoto anakula.

Ni mimi mwanao,
Mama Kemunto