Sekunde Moja ya Bandeji

Jumapili, 5 Machi

Wiki ya sita ya ndoa! Kocha wa timu yao ya magongo ya barafuni kamwachia Rodya atoke kambini kwa saa nne nzima. Nimemrekodi akikunja pelmeni, vile vitumbua vya unga na nyama ndani, aproni yangu kiunoni, unga mpaka kwenye ndevu — wachezaji hawanyoi hadi mechi za mtoano ziishe. Jamani, mume wangu! Nimeirusha video mtandaoni. Kufikia jioni watu laki mbili. Wasichana wa Omsk wanataka awaoe. Mmechelewa, dada zangu.

Jumatatu, 6 Machi

Milioni moja na laki tatu! Hata muuza mkate kanipa salamu zake.

Kisha Zoya, mke wa nahodha, akapiga simu. Hakunipongeza. Akauliza kama nimeitazama video yote. Mara thelathini, nikamwambia.

"Tazama mkono, Tasya. Siyo uso."

Sekunde ya arobaini na moja. Mkono wa shati unapanda — bandeji. Kifundo cha mkono wa kushoto.

Wiki mbili timu nzima wameificha. Waandishi wanaambiwa "maumivu kidogo", basi. Mpinzani akijua pameumia wapi, barafuni anapapiga hapo hapo. Kila mke wa mchezaji anajua. Na mimi nilijua! Lakini nilikuwa naangalia macho yake.

Nimefuta. Bure. Watu wameshaisambaza, wameitia na muziki.

Jumanne, 7 Machi

Dakika ya kumi na mbili. Namba ishirini na saba wa wapinzani hata hakuutazama mchezo. Gongo moja kwa moja kwenye kifundo cha kushoto.

Tumefungwa. Sasa tumeshinda mechi tatu, wao tatu. Ya mwisho, ya kuamua, ni Alhamisi.

Jumatano, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Rodya kaniletea maua ya mimosa, kayashika kwa mkono wa kulia.

Mfupa umepasuka. Daktari kasema akipigwa tena hapo, huenda asishike gongo tena maishani. Rodya kasema atachomwa sindano ya ganzi na atacheza.

Nikamwambia ni mimi. Kumbe alijua tangu Jumatatu! Kwenye basi wenzake walimtania: bwana harusi, mkeo kawachorea wapinzani ramani. Akanyamaza, nisikose usingizi.

Nililia sana. Yeye akafungua bandeji, akavaa aproni, akamwaga unga mezani.

"Nirekodi tena. Waone mkono ni mzima."

Nikasema ataumia.

"Wanaotazama ni milioni, Tasya. Namba ishirini na saba yumo."

Nikarekodi. Akakanda kwa mkono wa kushoto. Tabasamu lile lile. Midomo ikawa myeupe kama unga. Nilipotaka kuzima akatikisa kichwa, kidogo tu. Bado.

Sasa yuko bafuni. Kafungua bomba mpaka mwisho, nisimsikie.

Simu iko mbele yangu. Video iko tayari. Amependeza, Mungu wangu. Nikiirusha, atacheza. Nisipoirusha, atacheza vilevile, nao watajua pa kupiga.

Bomba limefungwa. Ananiuliza kutoka kule kama watu wameshaanza kuipenda video, kumbe bado sijairusha —